Siku Lemuel Alipochezea Wageni

Timu ya besiboli ya mji wetu wa Tullyville haikuwa na mtu hata mmoja wa Tullyville. Nalisema hili mapema ili usije ukanionea huruma pasipostahili. Bwana Stroud, mwenye kiwanda cha vyungu, alichoka kuona miji mingine ya Ohio ina timu za kulipwa na sisi hatuna, akawaleta vijana tisa kutoka Brooklyn, Philadelphia na kwingine kusikojulikana, akawavalisha soksi za kahawia, akatuambia hawa ndio ninyi. Nasi tukakubali. Haikupita wiki mbili, watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanakunjana mashati kuwatetea vijana ambao hawakujua hata kanisa letu liko upande gani wa daraja.

Mdogo wangu Lemuel, yeye mzaliwa wa hapo hapo, alikwenda kuomba wamjaribu. Ilikuwa mwaka 1879, ana miaka thelathini na mmoja, mwenye duka la dawa aliloachiwa na baba, mwembamba, mpole kupita kiasi. Walimjibu kwamba nafasi ipo, ndoo ya maji inahitaji mbebaji. Alirudi nyumbani akasaga mizizi ya dawa ya kikohozi mchana kutwa, na wakati ule hapakuwa na mtu anayekohoa.

Kucheza alijua, ila kwa namna yake. Kila Jumamosi alikuwa uwanjani na Klabu ya Waungwana: mwalimu wa shule, mawakili wawili, mpiga kinanda wa kanisa na wengine wa aina hiyo, ambao hawakulipwa hata senti na walijisifu kwa hilo kuliko tajiri anavyojisifu kwa mali. Mchezo ukiisha walikaa na wapinzani wao kula nyama baridi ya nguruwe na achari, wakahutubiana. Lemuel ndiye aliyeandika katiba yao, vifungu arobaini na viwili. Kifungu cha kwanza kilisema atakayepokea malipo kwa kucheza si mwenzetu tena. Cha kumi na tisa kilisema mchezaji asitoe ushahidi wa kujipendelea. Yaani ukiudaka mpira na mwamuzi hakuona, nyamaza, aulizwe mwingine. Umekosea, hapo sema, tena upesi. Nilimwambia klabu yenye katiba kama ile haihitaji wapinzani, itajifunga yenyewe. Alicheka, akaongeza kifungu cha arobaini na tatu.

Mimi ni Theodosia, dada yake, nimemzidi miaka minane. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea. Sikuolewa, waliokuja sikuwapenda, na niliowapenda hawakuja. Tuliishi wawili juu ya duka. Cheti cha dawa kilichokuwa ukutani kilikuwa cha Lemuel, ingawa nusu ya dawa nilizichanganya mimi, na hilo mji haukutaka kulijua, maana nani atameza kidonge cha Theodosia? Lemuel akiondoka, duka linafungwa. Duka likifungwa, mimi naenda Wheeling kwa binamu yangu Hepzibah, mwenye watoto saba na chumba chini ya ngazi. Kila Krismasi aliniandikia barua kwamba chumba kile bado kipo, kinaningoja. Nilikuwa nakiota. Nilikuwa naogopa chumba kile kuliko kaburi, maana kaburini hakuna anayekuamsha umfulie nepi.

Basi, Alhamisi moja ya Agosti wakaja wageni, timu ya kulipwa ya mji mmoja wa ziwani, kucheza na hawa wetu wa Bwana Stroud. Waliondoka kwao watu kumi. Mmoja alishuka njiani, Mansfield, akimfuata mhudumu wa mgahawa wa stesheni, na treni haikumngoja. Wa pili alifika Tullyville shavu limevimba, jino limeoza mpaka kwenye mzizi, akaletwa dukani kwetu analia machozi, mwanaume mwenye mabega kama mlango. Lemuel alimtazama kinywani, akampaka mafuta ya karafuu, akasema kwa upole wake kwamba huyu leo hachezi, huyu anakwenda kung'olewa.

Aliyemleta alikuwa nahodha wao, Garrity, mtu wa masharubu na vidole vilivyopinda kila kimoja na upande wake, kwa sababu siku zile mpira ulidakwa kwa mikono mitupu. Alihesabu kwa sauti. Wamebaki wanane. Wanane hawaruhusiwi kucheza. Ikifika saa tisa hajapata wa tisa, wanaandikiwa wamefungwa bila kurusha hata mpira mmoja.

"Mji mzima huu," akasema, "hamna hata mtu mmoja anayejua kusimama kwa miguu miwili?"

Lemuel, chupa ya karafuu mkononi, akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema yeye hucheza kidogo, Jumamosi. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipoacha.

Garrity alimtaka amwonyeshe mikono. Akaigeuza huku na huku. "Mikono ya bibi harusi," akasema. "Haya, bwana dawa, sikiliza. Utasimama kulia, mbali kabisa, huko ambako mpira haufiki. Ukifika, udake. Tukishinda, saa kumi na mbili jioni unapanda treni na sisi, mshahara kamili mpaka msimu uishe, na ukifaa, mwakani pia. Tukifungwa, tunaagana papa hapa. Sisafiri na mtu niliyefungwa naye siku yake ya kwanza. Ni nuksi."

Nilingoja Lemuel aulize: na duka? Nilingoja aulize: na dada yangu? Aligeuka akanitazama, macho yanang'aa, akaniuliza kama nina sindano na uzi, maana suruali ya yule mgonjwa itabidi ipunguzwe.

Nikamkumbusha kifungu cha kwanza. Nikamwambia Waungwana watamfukuza, tena kwa katiba yake mwenyewe.

"Kifungu hicho," akasema, "nilikiandika nikiwa sijawahi kuitwa."

Nikaipunguza ile suruali. Mikono inashona, kichwa kiko Wheeling.

Saa tisa nilifunga duka nikaenda uwanjani, na sikwenda kushangilia, tusidanganyane. Nilisimama kwenye kamba ya upande wa kulia, mbali, ambako hapakuwa na watu ila mimi na wachache waliochelewa, kwa kuwa huko ndiko alikosimamishwa. Watu wote wa maana walikuwa upande wa pili, nyuma ya mpigaji, ndani ya magari ya farasi na juu ya mabenchi. Walipotambua ni nani yule aliyevaa soksi za wageni, kelele zilizotoka sijapata kuzisikia hata wakati wa vita. Msaliti! Yuda! Hao ni watu aliowatuliza matumbo na kuwashusha homa. Bi Pruitt, mmoja wa wale waliochelewa, ambaye mwanawe alipona kwa dawa ya Lemuel na kila mtu anajua, alimtupia kiazi. Mchezaji pekee wa Tullyville katika uwanja mzima alikuwa yeye, na Tullyville nzima ikamzomea kwa kuisaliti Tullyville. Mimi nilikuwa nimemkasirikia kuliko wote, lakini kiazi kile kiliniuma. Nilikiokota nikamrudishia Bi Pruitt, sitasema kwa njia gani.

Mpira wa kwanza uliomfikia ulimpiga kifuani ukaanguka. Akainua mkono, akamwambia mwamuzi kwa sauti ya kanisani kwamba kosa ni lake. Mwamuzi alikuwa mmoja tu siku zile, na siku hiyo alikuwa Mzee Crull, mtengeneza majeneza, mrefu, kofia ndefu juu yake, mtu wa haki kabisa ila macho yake hayakuwa tena ya kazi ile. Akamjibu Lemuel kwamba kosa limeonekana, asante. Garrity alitukana kwa lugha ambayo sikuijua na nikaielewa.

Kupiga ndiko kulikokuwa kituko. Wakati ule, na sasa wameshaifuta desturi hiyo, mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza mpira wake, wa juu au wa chini, kama mtu anavyoagiza mayai hotelini. Lemuel aliposimama na gongo lake, mrushaji wa timu yetu, kijana mmoja wa Brooklyn mwenye sura ya mwizi wa kuku, akauliza kwa ukali anataka upi. Lemuel akasema wowote utakaokuwa rahisi kwako, bwana. Yule kijana hakuwahi kuitwa bwana na mtu mwenye gongo mkononi. Akadhani anatukanwa. Mzee Crull akasema lazima achague. "Basi wa chini, tafadhali," akasema Lemuel. Uwanja mzima ukaangua kicheko, mrushaji naye akacheka, akiwa bado anacheka akarusha, na mpira ukaja polepole, mnene kama boga. Lemuel akaupiga. Ulikwenda mpaka kwenye ng'ombe wa Bwana Yoder, na wenzake wawili waliokuwa vituoni wakamaliza kuzunguka wakarudi nyumbani, yaani pale pa kupigia, wakaandikiwa alama mbili.

Akafika kituo cha pili akasimama pale. Akamwomba radhi mchezaji wetu aliyekuwa hapo kwa kumtimulia vumbi.

Kuanzia hapo alibadilika. Labda zamu ya sita hivi, kila timu imeshapiga mara tano, nilimwona amesimama kule kwenye majani, magoti amekunja kidogo, mikono mbele, viganja vimevimba vimekuwa vya buluu, na uso wake una furaha ambayo sikuwahi kuiona. Nilimlea yule. Nilimwona akipata zawadi za Krismasi, nilimwona akipata cheti, nilimwona siku msichana wa Bwana Lathrop alipomkubalia kutembea naye, na siku alipomkataa. Sikuwahi kuuona uso ule. Mpira ulikuja akaudaka. Ukaja mwingine akaudaka huku anakimbia kinyumenyume. Garrity alimpungia mkono. Nami nikaelewa kwamba huyu hatarudi. Akipanda treni ile, hata wakimwacha Buffalo, hata wakimwacha mtaroni, hatarudi kusaga mizizi na mimi. Nilimwonea wivu, nikamchukia kidogo. Nasema kama ilivyokuwa.

Ikafika zamu ya tisa, ya mwisho. Wageni saba, sisi sita, na wa kupiga ni sisi. Wawili wetu wameshatolewa, bado mmoja tu mchezo uishe. Lakini tulikuwa na watu kituo cha pili na cha tatu, na anayepiga ni jitu moja la Philadelphia ambalo Bwana Stroud alilipenda kuliko wanawe. Likaagiza mpira wa juu. Likaupiga.

Ulikuja upande wetu, chini chini, mkali, unazama. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto. Lemuel akiudaka kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametolewa, mchezo umekwisha, wageni wameshinda. Ukigusa kwanza, wale wawili wanarudi na alama mbili, na tumeshinda sisi.

Alikimbia mbele, akajirusha kifudifudi, mikono imenyooka. Alianguka hatua sita kutoka niliposimama. Vumbi na majani vikaruka. Alipoinuka mpira ulikuwa mikononi mwake, na wale wawili walishapita nyumbani, na uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele kwamba umegusa, umegusa, watu ambao kutoka walipokaa wasingeweza kuona hata kama Lemuel ameanguka au amelala usingizi.

Mzee Crull alitembea kutoka kule mpaka kwetu, taratibu, kama anayefuata jeneza. Wachezaji wote nyuma yake. Akakiri hakuona, jua lilikuwa machoni. Akamgeukia Lemuel, akamuuliza kama mpira ameudaka hewani.

Garrity alikuwa karibu kuparamia bega lake. "Mwambie," akasema. "Neno moja tu, bwana dawa. Mwambie."

Mchezaji yeyote wa kulipwa angesema ndiyo, hata kama angelikuwa ameutoa mpira shimoni mwa panya. Lemuel alisimama, kidevu kinatoka damu, akavuta pumzi, na nikajua atasema nini kabla hajafungua mdomo, maana kile kifungu cha kumi na tisa nilimsahihishia herufi mimi mwenyewe.

"Mimi ni mhusika," akasema. "Haifai nijitolee ushahidi. Mwulize aliyesimama karibu."

Garrity alivua kofia akaitupa chini.

Na kanuni za wakati ule, hili usidhani nimelibuni, zilimruhusu mwamuzi asiyeona awaulize watazamaji walio karibu, kisha aamue kwa ushahidi ulio bora. Mzee Crull akatazama kwenye kamba. Wale wachache waliochelewa walikuwa tayari wanapaza sauti kwamba umegusa, na mmoja wao alikuwa amefika dakika hiyo hiyo. Macho ya mzee yakawapita yakatua kwangu. Akavua kofia yake ndefu. Akawaeleza wote, kwa sauti ya kutosha, kwamba huyu ni dada wa mchezaji, anafundisha watoto Jumapili Amri Kumi, na kama kuna mtu hapa mwenye sababu ya kumtakia kijana huyu ushindi, ni yeye. Kwa hiyo akisema hewani, itabidi tumfikirie mara mbili. Lakini akisema chini, basi ni chini, na hakuna wa kubisha. Garrity mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa hoja nzuri. Nimeitafuta kasoro yake miaka mingi, na kasoro yake ni moja tu: hakuna hata mmoja pale aliyejua kuna Wheeling.

"Binti Applegarth," akasema Mzee Crull, "uliona?"

Niliona. Nilikuwa hatua sita. Niliona vidole vyake vinaingia chini ya mpira, juu ya ardhi upana wa kiganja, vikaufunga kama mtu anavyofunga mkono juu ya yai. Haukugusa hata jani. Ulikuwa ni mdako safi kuliko yote iliyodakwa siku ile na wale waliolipwa. Lemuel alinitazama. Hakuniomba kitu. Alikuwa ametulia kabisa, anangoja kusikia jambo analolijua, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumdanganya.

"Umegusa chini," nikasema.

Watu husema uongo wa kwanza ni mgumu. Mimi ulinitoka kama maji.

Sitasimulia shangwe. Garrity aliokota kofia yake akamwambia Lemuel kwamba neno moja, mpumbavu wee, ulitakiwa useme neno moja, akaenda zake stesheni. Lemuel alibaki kwenye majani akivitazama viganja vyake, akivigeuza, akivitazama tena. Kisha akaja kwenye kamba.

"Asante, dada," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa kutonipendelea."

Tulirudi nyumbani. Nilimpaka karafuu kidevuni, na treni ya saa kumi na mbili ilipopiga honi hakuinua kichwa. Nililala siku hiyo usingizi mzito, na hilo nalo nalikiri.

Kilichofuata ni kwamba nikawa mtu mkubwa. Jumapili mchungaji alihubiri juu ya mwanamke aliyesema kweli dhidi ya damu yake. Jina hakulitaja, ila hakuacha kunitazama. Akina mama wakawaambia watoto wao wawe kama Binti Theodosia. Watu wakigombania mpaka wa shamba waliniita nisimame katikati. Mahakamani nimeapishwa mara nne, na mara zote nne wakili wa upande wa pili alipoona ni mimi aliketi chini. Bi Pruitt aliniletea keki. Hata vidonge vyangu vikaanza kununuliwa, na watu wakitaka waone ni mimi niliyeviviringisha.

Waungwana walimfukuza Lemuel kwa kauli moja. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, na yeye ndiye aliyewasomea kifungu. Kisha wakala nyama baridi pamoja. Hakugusa tena mpira, hata wa watoto ukimjia barabarani aliusogeza kwa mguu.

Nilidhani ni huzuni, itapita. Haikuwa huzuni. Siku moja tukiwa mezani, kama mwezi umepita, alisema kitu ambacho sijakisahau. Alisema, dada, mimi nilikuwa na hakika. Niliusikia kabisa viganjani, mzima, hewani. Ningeweza kuapa. Kumbe mikono inaweza kumdanganya mtu kiasi hicho. Akaendelea kula supu. Tangu siku hiyo alianza kupima dawa mara mbili, kisha tatu. Mikono yake ilikuwa na hakika kama mizani, zamani alichota unga wa kwinini kwa kijiko ukawa sawasawa. Sasa akipima, anarudia, anarudia tena, kisha ananiita niangalie. Kila dawa. Kila siku. Na mji ukamsifu! Wakaja watu mpaka kutoka wilaya za jirani, wakisema kuna mfamasia Tullyville ambaye hawezi kukosea. Duka likastawi. Hepzibah akaacha kuniandikia.

Nilikuwa nimepata nilichotaka chote. Nilikipata kila siku, kwa miaka ishirini na tisa, akiniita kutoka nyuma ya kaunta: dada, hebu njoo uniangalizie.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alikuwa anapima unga wa dawa ya moyo kwa ajili ya mzee mmoja wa kule kilimani. Lemuel sasa ana miaka sitini, nywele zimeisha. Mchana kweupe, duka tupu. Akapima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo. Akaniita. Akasema, hebu tazama wewe, hii mikono yangu unaijua. Sijui kwa nini siku hiyo na si siku nyingine. Nilishindwa. Nikaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Lemuel," nikamwambia, "uliudaka."

Hakuniuliza mpira gani.

Nikamweleza yote. Vidole chini ya mpira, upana wa kiganja. Chumba chini ya ngazi. Kwamba nilimwona ana furaha nikaogopa, na kwamba nilipoulizwa nilisema uongo mbele ya watu mia nane, kwa akili zangu timamu, ili asipande treni. Nilisema kwamba mikono yake haikumdanganya hata mara moja maishani, aliyemdanganya ni mimi. Nililia, mimi ambaye silii. Nikamwambia nipige, nifukuze, nipeleke Wheeling.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa. Kisha akazunguka kaunta, akakaa karibu yangu, akanishika mkono.

"Dada," akasema, "hujapata kusema uongo tangu nikujue. Hata siku ile, ulipokuwa na kila sababu ya kuusema."

"Ndiyo nakwambia, nilikuwa na kila sababu —"

"Umeona nimezeeka. Umeona natetemeka, umenihurumia." Alikuwa anatabasamu, na macho yake yamelowa. "Najua imekuwia vigumu kiasi gani kuusema, mtu kama wewe. Ni uongo mzuri sana, dada, nimeupokea. Ila usiurudie, hujauzoea, huuwezi."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuapa, nikatafuta cha kuapia. Alishainuka, amerudi nyuma ya kaunta, ananisogezea mizani.

"Haya, niangalizie," akasema. "Mzee wa watu anangoja."

Nikajifuta, nikainama nikatazama. Uzani ulikuwa sawa, sawa kabisa, na ulikuwa sawa tangu alipopima mara ya kwanza. Nikamwambia ni sawa, na hilo aliliamini papo hapo.